Sakafu, choo na mkataba

Mvua kubwa ikishika usiku Dar es Salaam, wako wanaoamka kuinua godoro na wako wanaoamka kutapisha choo. Wa kwanza wanajua maji yatapita kizingitini muda si mrefu. Wanapandisha mezani unga, begi la shule na viatu vya kazini, wanakunja miguu kitandani na kungoja kukuche. Wa pili wanangoja maji ya mtaroni yapate kasi, kisha wanazibua bomba lililotegwa ubavuni mwa shimo tangu siku choo kilipojengwa, na uchafu wa miezi kadhaa unaondoka na mafuriko kwenda kwa jirani wa bondeni. Asubuhi mtaa mzima unajua nani katapisha. Husikii mtu akigomba sana, maana masika yaliyopita ilikuwa zamu yake.

Ni rahisi kuwaita watu hawa wachafu, na kila kipindupindu kikiingia huitwa hivyo. Lakini ukiipiga hesabu wanayoipiga wao utaona imekaa sawa. Katika maeneo ya mabondeni kama Jangwani na sehemu za Vingunguti, maji ya ardhini yako juu. Shimo refu halichimbiki, na shimo fupi linajaa upesi. Nyumba ina vyumba sita, kila chumba na familia yake, na choo ni kimoja. Gari la kunyonya majitaka halipiti kwenye kichochoro ambacho hata bajaji inasita kukiingia, na likipita, bei yake ni kubwa kuliko kodi ya chumba. Mwenye nyumba anasema wapangaji wachange. Wapangaji wanasema choo ni cha mwenye nyumba. Mvua inamaliza ubishi.

Agosti 2015 kipindupindu kilizuka Kinondoni, kikasambaa sehemu kubwa ya nchi na kuvuka mwaka. Serikali ilitumia dawa, vitanda vya dharura, magari ya matangazo na marufuku ya kuuza vyakula barabarani. Marufuku hiyo iliwaumiza mama ntilie, ambao wengi wao wanatoka kwenye vyumba vile vile vyenye choo cha kutapisha. Vingunguti kwenyewe kuna mabwawa ya kusafishia majitaka ya jiji, na kwa miaka mingi majitaka ya mbali yalipita kwenda mabwawani huku nyumba za jirani zikiendelea kuchimba mashimo. Baadaye shirika la Centre for Community Initiatives, kwa kushirikiana na wakazi pamoja na mamlaka ya maji ya jiji, DAWASA, lilianza kulaza mabomba membamba, ya kina kifupi, kupitia vichochoroni hadi mabwawani. Ufundi wake si wa ajabu. Bomba jembamba linahitaji mtaro mdogo, na mtaro mdogo unapita mahali ambapo mashine ya barabarani haiwezi kugeuka. Nyumba iliyounganishwa haina tena cha kutapisha.

Nimeanza na choo kwa sababu mazungumzo yetu kuhusu nyumba bora huanzia juu, kwenye ghorofa, vioo na rangi. Ukimuuliza mtu nyumba nzuri ni ipi atakuonyesha picha. Ukikaa na familia ya kipato cha chini na kufuatilia fedha yake inavyotoka, unaona kuwa nyumba mbovu ni tozo isiyo na risiti. Kuna dawa ya kuhara leo, mkaa uliolowa kesho, siku ya kazi iliyopotea kwa mtoto mgonjwa, sare iliyoliwa na panya, kodi ya miezi sita inayotakiwa kwa mkupuo. Nyumba salama haimwongezei mtu mshahara, ila inaziba matundu ambayo mshahara huo unavujia.

FUTI KUMI KWA KUMI

Nyumba ya Kiswahili inajulikana hata kwa asiyewahi kulala ndani yake: korido katikati, vyumba vitatu huku na vitatu huku, kibaraza mbele, na uani kuna jiko, bafu na choo. Ni ramani nzuri kwa ukoo mmoja. Siku hizi kila mlango una kufuli lake.

Ndani ya chumba cha futi kumi kwa kumi, kitanda cha tano kwa sita kinakula karibu theluthi ya sakafu. Pazia linatenganisha kitanda na sebule, kama nafasi ya makochi mawili inaweza kuitwa sebule. Chini ya kitanda ndiyo stoo. Huko kuna ndoo za maji, sufuria za shughuli, gunia la mkaa na wakati mwingine mtaji wote wa mama, uwe vitenge au unga wa maandazi. Jioni meza inasogezwa, godoro la watoto linaondolewa ukutani lilikoegemezwa, na kuanzia hapo hakuna anayefika mlangoni bila kumruka mtu.

Humo humo ndimo mtoto wa darasa la saba anatakiwa kusoma. Kama baba ni mlinzi wa usiku, mchana chumba ni chake cha kulala na watoto wanaishi kibarazani. Kama mama anaamka saa tisa kukanda unga, taa inawaka saa tisa kwa wote. Kwenye nyumba yenye mita moja ya LUKU, saa ya kuzima taa inaamuliwa na kikao cha wapangaji, au na yule mwenye friji anayeshukiwa kumaliza umeme wa wenzake. Ugomvi wa LUKU umevunja urafiki mwingi kuliko ugomvi wa mapenzi, nadhani.

Mvulana akikaribia kubalehe anatafutiwa pa kulala: kwa rafiki, kwa jirani mwenye nafasi, kwenye kibanda cha duka ambako pia anakuwa mlinzi. Wazazi wanafanya hivyo kwa kulinda heshima, maana haifai kijana mkubwa alale chumba kimoja na baba na mama. Gharama yake ni kwamba hawajui kwa uhakika amelala wapi na nani. Msichana ana shida nyingine. Choo kiko uani, mlango wa bafu ni bati lisilofika chini, na komeo liliondoka na mpangaji wa mwaka juzi. Usiku anajizuia mpaka alfajiri, au anatumia kopo. Nimesikiliza hotuba nyingi za nyumba bora na sijasikia hata moja inayolitaja kopo hilo.

Chumba chenye dirisha dogo lililozibwa nailoni kwa kuogopa wezi hakipitishi hewa, na kifua kikuu hakihitaji mwaliko zaidi ya huo. Mvua ikinyesha majiko ya mkaa yanaingia koridoni. Bati lisilo na dari linageuza saa nane mchana kuwa adhabu, na joto lake linadumu hadi usiku. Ndipo unapoelewa kwa nini neti iliyogawiwa bure imekunjwa juu ya kabati. Aliyeikunja anajua vizuri kabisa kuwa mbu wanaleta malaria. Anachotafuta ni pumzi.

Sasa ipe familia hiyo hiyo chumba cha pili, kwa kipato kile kile. Mlinzi analala mchana wakati watoto wako ndani na vitabu vyao. Kijana anarudi nyumbani usiku. Mama anakanda unga bila kumwamsha mtu, na mtaji wake unatoka mvunguni na kuwekwa mahali ambapo mteja anaweza kuuona. Huo ndio mwanzo wa genge au duka dogo katika mitaa mingi ya mji huu, na ndiyo sababu mtu anayejenga kwa shida bado anahakikisha chumba kimoja kinatazama barabarani.

SARUJI YA COAHUILA

Ushahidi ninaoupenda zaidi kuhusu jinsi nyumba inavyobadili maisha unatoka kaskazini mwa Mexico. Mwaka 2000 jimbo la Coahuila lilianzisha mpango wa kuwasakafia watu maskini nyumba zao. Gari la zege lilipita mtaa kwa mtaa, familia ikiwa imeshatoa vyombo na kusawazisha chini. Zege likamwagwa na wenyewe wakasaidia kulitandaza, hadi mita za mraba 50 kwa nyumba. Gharama ilikuwa kama dola 150 kwa kila kaya. Hakikuongezwa kitu kingine. Kuta zilibaki zile zile, bati lile lile, kipato kile kile.

Bahati ya watafiti ilikuwa ramani. Mji wa Torreón uko Coahuila, lakini miji ya Gómez Palacio na Lerdo, inayopakana nao kiasi cha kuwa kama mji mmoja, iko jimbo la Durango, ambako mpango huo haukuwapo. Watu ni wale wale, kazi ni zile zile, hali ya hewa ni moja, tofauti ni upande wa mpaka. Watafiti wakapima watoto wa pande zote mbili na kuchapisha matokeo mwaka 2009. Pale ambapo sakafu yote ya udongo iligeuzwa kuwa saruji, minyoo ilipungua kwa asilimia 78, kuhara kwa asilimia 49 na upungufu wa damu kwa asilimia 81. Watoto walifanya vizuri zaidi kwenye vipimo vya lugha na ufahamu. Akina mama, walipoulizwa kuhusu maisha yao, walionyesha dalili chache za sonona na msongo wa mawazo.

Kisa cha minyoo kinaeleweka. Mayai na vijidudu vyake hukaa kwenye udongo wenye unyevu, na mtoto anayetambaa ana mikono chini kutwa nzima na vidole mdomoni nusu ya muda huo. Safura inanyonya damu polepole, mtoto anakuwa mchovu, mwalimu anasema ni mvivu. Sakafu iliyosakafiwa inapigwa deki, kinachomwagika kinaonekana na kufutwa. Habari ya akina mama ndiyo inayonisimamisha. Hawakupewa ushauri nasaha wala mkopo. Walipewa sakafu, na wakapumua.

Hapa kwetu ushahidi wetu wenyewe uko Magoda, kijiji cha Muheza mkoani Tanga. Huko wasanifu na watafiti walijenga nyumba sita za majaribio, zikiwamo za ghorofa moja, kwa mbao, mianzi na wavu, zikiwa zimeinuliwa kutoka ardhini na kuta zinazopitisha upepo. Mbu wengi wanaoambukiza malaria huruka chini chini na kuingia kupitia uwazi ulio kati ya ukuta na paa. Kwenye nyumba za ghorofa mbu waliokamatwa ndani walikuwa pungufu kwa asilimia 96 kulinganisha na nyumba za kawaida za kijijini, na kwenye zile za chini pungufu kwa asilimia 77. Katika jaribio hilo zilikuwapo pia nyumba za kawaida zilizofanyiwa marekebisho tu, na hizo zilipunguza mbu kwa asilimia 43. Baadaye wazo hilo likapelekwa Mtwara, ambako nyumba 110 za aina hiyo zilijengwa na wenye kuzipata wakachaguliwa kwa bahati nasibu, ili afya ya watoto wao ilinganishwe na ya majirani.

Watu wengi watavutiwa na asilimia 96. Mimi nimevutiwa na 43, kwa sababu hiyo ndiyo inayoweza kufika kwa bibi ambaye hatajengewa ghorofa maishani mwake. Wavu wa dirishani ni kazi ya fundi mmoja kwa siku moja.

MIEZI SITA MKONONI

Mpangaji wa mjini ana tatizo ambalo saruji haiondoi. Chukua chumba cha shilingi 50,000 kwa mwezi. Mwenye nyumba anataka miezi sita, hiyo ni 300,000. Dalali anataka kodi ya mwezi mmoja kwa kukuonyesha mlango, 50,000 nyingine. Hujanunua kufuli wala hujalipa kirikuu cha kuhamisha kitanda, na tayari umetoa shilingi 350,000 kwa chumba ambacho unaambiwa ni cha bei rahisi. Mtu anayeingiza fedha kwa siku, elfu saba leo na elfu tatu kesho, hana siku ambayo ana 350,000 mkononi. Kwa hiyo anakopa kikoba, au kwa mkopeshaji anayeshika kadi ya benki, na miezi mitatu ya mwanzo anaishi chumbani huku akilipa riba. Akimaliza deni, kodi nyingine inakaribia.

Tulikuwa na sheria ya mwaka 1984 iliyodhibiti kodi za pango na kumpa mpangaji kinga fulani asitimuliwe kiholela. Ilifutwa mwaka 2005. Waliotaka ifutwe walikuwa na hoja ya maana, kwamba mwenye mtaji hawezi kujenga nyumba za kupangisha kama kodi inapangwa na mtu mwingine. Lakini pengo lililobaki halikujazwa. Miaka yote hii viongozi wamekuwa wakikemea kodi ya miezi sita na ya mwaka majukwaani, na mwenye nyumba anasoma kemeo hilo gazetini akiwa amekaa kibarazani anangoja kodi ya mwaka.

Matokeo ya pengo hilo huyaoni kwenye nyumba. Utayaona kwenye daftari la mahudhurio ya shule. Mwenye nyumba akisema ana ndugu anakuja na anahitaji chumba chake, familia ya Manzese inahamia Mbezi kwa sababu ndiko kodi ilikopatikana. Mtoto ama anahama shule katikati ya muhula, ama anaamka saa kumi kugombania daladala na kusukumwa na makonda wasiotaka nauli ya mwanafunzi. Mama anapoteza wateja aliowajenga kwa miaka, wale wanaokula kwa daftari na kulipa mwisho wa mwezi. Kwa muuza chakula, wateja wa daftari ndio benki. Huwezi kuwahamisha kwa kirikuu.

Ndiyo maana naamini kuwa uhakika wa kukaa, hata kwenye nyumba ya kawaida sana, una thamani inayokaribia ya sakafu. Anayejua atakuwepo mwakani anaweka wavu dirishani kwa fedha yake, anapanda mwembe, anajiunga na kikundi cha mtaa na kugombea ujumbe. Mpangaji wa miezi sita hawezi kupiga hata msumari.

KURASINI HADI CHAMAZI

Bandari ya Dar es Salaam ilipohitaji kupanuka kuelekea Kurasini, maelfu ya watu walijikuta wamekaa juu ya ramani ya watu wengine. Fidia kwa desturi yetu hutazama mwenye nyumba. Mpangaji aliyeishi pale miaka ishirini anabeba kitanda na kuondoka. Baadhi ya wakazi hao walikuwa kwenye vikundi vya kuweka akiba, shirikisho la maskini wa mijini, wengi wao wanawake wanaochanga kidogo kidogo. Badala ya kutawanyika walifanya jambo ambalo sikulitarajia kwa watu wa hali yao. Mwaka 2009 walinunua ekari 30 Chamazi, kusini mwa jiji, kwa shilingi milioni 24.

Gawanya mwenyewe: ni shilingi 800,000 kwa ekari. Kwa bei hiyo kipande cha ardhi kilikuwa ndani ya uwezo wa watu ambao benki isingewafungulia mlango, mradi tu wanunue pamoja. Kilichofuata kilikuwa kigumu zaidi kuliko ununuzi. Kipimo cha kawaida cha kiwanja kilikuwa kikubwa mno kwa idadi yao, ikabidi waishawishi manispaa ya Temeke ikubali viwanja vidogo. Walijifunza kufyatua tofali za kufungamana, ambazo hazihitaji saruji nyingi katikati. Waliweka mfumo wa kusafisha majitaka kwa bustani ya majani, kwa kuwa bomba la jiji lilikuwa mbali. Na nyumba yenyewe ilichorwa ili ijengwe kwa awamu. Familia inaingia ikiwa na chumba na choo, kisha inaongeza chumba cha pili na cha tatu kadiri mkono unavyoruhusu, bila kubomoa kilichotangulia.

Hivyo ndivyo karibu kila mtu wa kipato cha chini anavyojenga nchi hii: msingi mwaka huu, boma mwaka ujao, kupaua siku shangazi akituma fedha, ripu Mungu akipenda. Tofauti ya Chamazi ni kuwa ramani iliheshimu mwendo huo tangu mwanzo, ikaweka choo kwenye awamu ya kwanza badala ya ya mwisho.

Sitaki kuifanya Chamazi kuwa pepo. Kulipangwa nyumba takriban 300 na zilizosimama zilikuwa chache kuliko hizo. Marejesho ya mikopo yaliyumba, na sababu kubwa ilikuwa umbali. Aliyekuwa akiuza chai kwa vibarua wa bandari hakuwa na vibarua Chamazi, na nauli ya kwenda na kurudi mjini ilikula faida ya birika zima.

Umbali huo huo uliwasumbua waathirika wa mafuriko ya Desemba 2011. Mvua kubwa ambayo jiji lilikuwa halijaiona kwa zaidi ya nusu karne iliua watu zaidi ya 40 na kuwaacha maelfu bila makazi, wengi wao wa Bonde la Msimbazi. Serikali iliwapa viwanja Mabwepande, zaidi ya kilomita 30 kutoka Kariakoo, ikaanza nao kwenye mahema. Hapakuwa na mafuriko, na kazi hazikuwapo pia. Haikuchukua muda baadhi wakarudi Jangwani, na wengi tukawaona wakaidi. Familia iliyorudi ilikuwa inachagua kati ya maji yanayokuja mara moja au mbili kwa mwaka na njaa inayokuja kila siku, na ikachagua maji. Mradi mpya wa kuendeleza bonde hilo kwa mkopo wa Benki ya Dunia umekuja na fidia ya fedha. Itakachonunua fedha hiyo, na kwa umbali gani kutoka Kariakoo, ndicho kitakachoamua kama safari hii watabaki walikokwenda.

GHOROFA ZA MAGOMENI

Kuna mfano mmoja wa watu waliorudishwa pale pale walipotoka. Kaya 644 za Magomeni Kota ziliondolewa kwenye nyumba zao chakavu mwanzoni mwa muongo uliopita, nyumba hizo zikabomolewa, na kiwanja kikabaki kitupu miaka kadhaa huku wenyewe wakihangaika kwenye vyumba vya kupanga. Mwaka 2016 Rais John Magufuli alikwenda pale na kuagiza wajengewe. Machi 2022 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua maghorofa na wakazi wakaanza kuingia, baadhi ya wazee waliosaini wakati wa kuondoka wakiwa wameshafariki na warithi wao wakipokea funguo.

Nakubali kuwa Magomeni ni ushindi. Mtu amepata choo ndani, maji, mlango unaofungika, na yuko hatua chache kutoka kituo cha mwendokasi. Lakini kaya 644 katika mkoa ambao sensa ya 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni 5.3! Upungufu wa nyumba nchini unaotajwa kila bajeti ya wizara ni nyumba milioni 3, ukiongezeka kwa 200,000 kila mwaka. Tukingoja kila familia ipate ghorofa yake, wajukuu wa wajukuu wetu watakuwa bado wanatapisha.

Na mikopo ya nyumba? Benki ya Nyumba Tanzania ilianzishwa 1972 kwa ajili ya watu wa kawaida, ikafa 1995 na madeni yasiyolipika. Benki za leo zinataka hati ya kiwanja, hati ya mshahara na kipato ambacho muuza samaki wa Feri hana namna ya kukithibitisha, na ndiyo maana nchi nzima ina wakopaji wa nyumba maelfu machache tu. Muuza samaki huyo huyo ana rekodi safi ya miaka kumi kwenye kikoba, ila rekodi hiyo iko kwenye daftari lenye mafuta ya samaki.

Miaka ya 1970 tulijaribu njia nyingine ambayo bado inastahili kutazamwa. Kwa mkopo wa Benki ya Dunia serikali ilipima viwanja Sinza, Kijitonyama na Mikocheni, ikachonga barabara na kuweka maji kabla nyumba hazijasimama. Manzese, ambako watu walikuwa wameshajenga, ikaboreshwa kama ilivyo. Viwanja vingi vya Sinza viliishia mikononi mwa wenye kipato kizuri kuliko waliokusudiwa, na hilo lisisahaulike. Lakini tembea leo Sinza halafu uende Manzese uone gari la taka, la zimamoto na la majitaka linafika wapi. Mita chache za barabara zilizoachwa wakati ardhi ilikuwa bei ya bure zinafanya kazi hadi leo. Hata hivyo jiji linaendelea kupanuka kwa makazi mapya huko Chanika na Kivule, na viwanja vinakatwa kwa hatua za miguu ya dalali.

Kwa hiyo, kama ningepewa fungu la ghorofa moja, ningelipeleka kwenye nyumba zilizopo: choo kinachounganishwa na bomba, jamvi la zege pale ambapo bado kuna udongo, wavu madirishani, taa uani, komeo la ndani kwenye mlango wa bafu. Viongozi hawavutiwi sana na orodha hii kwa sababu komeo halina utepe wa kukata.

Ugumu wake uko mahali pengine. Boresha nyumba ya kupanga na mwenye nyumba atapandisha kodi, mpangaji maskini ataondoka, atakayeingia ni karani mwenye pikipiki. Imetokea mara nyingi kwenye mitaa iliyopata lami na mitaro. Mikataba mingi ya upangaji tayari hupitia ofisi ya serikali ya mtaa, ambako muhuri upo na mtendaji anawajua wote wawili kwa majina. Hapo ndipo pa kuongeza kifungu: nyumba iliyowekewa choo au bomba kwa fedha ya umma isipandishwe kodi kwa miaka mitano, mpangaji aruhusiwe kulipa kwa mwezi, na asiondolewe bila notisi ya miezi mitatu kwa maandishi. Wenye nyumba watapinga, na si wote wanapinga kwa tamaa. Wengi ni wazee wanaolala chumba cha mbele cha nyumba hiyo hiyo, na kodi za vyumba vitano vilivyobaki ndiyo pensheni yao. Kabla ya kuwaomba saini, mtendaji akae nao kibarazani awapigie hesabu ya kile wanacholipa sasa kwa gari la majitaka, kutengeneza ukuta uliochimbwa na mafuriko, na vyumba vinavyokaa vitupu kila baada ya masika.